Nguruwe wa Kona ya Kanisa, Wittenberg

Baba yangu ni mwinjilisti mstaafu, Machame. Nilipomwambia naenda Ujerumani kumsalimia dada, habari za Berlin hakuuliza. Alisema tu, "Fika Wittenberg. Unipigie picha ule mlango."

Kwa Mlutheri wa Kilimanjaro mlango huo ni mmoja: wa kanisa la ngome, ambako inasemekana Martin Luther alibandika hoja zake 95 za kulikosoa kanisa, mwaka 1517. Wamisionari wa Leipzig walipanda huku kwetu mwaka 1893, na hadi leo mtoto wa kipaimara anakaririshwa Katekisimu Ndogo ya Luther mpaka usiku anaota. Ukikwama kwenye "Maana yake nini?" unarudi mwisho wa mstari. Mimi nilirudi mara nyingi.

Dada alikuwa zamu kazini, kwa hiyo nikaondoka na shemeji. Yeye ni Mwislamu, mtu wa Tanga, na njia nzima kwenye treni alinitania kwamba leo ananisindikiza hija. Sikubisha. Wittenberg ni mji mdogo, unautembea kwa miguu, na kila dirisha la duka lina Luther: Luther kwenye vikombe, Luther kwenye biskuti, hata soksi zenye maneno anayosemekana kuyasema, "Hapa nimesimama." Shemeji akanunua jozi moja.

Mlango wenyewe, niseme ukweli, si ule. Ule wa mbao uliungua mwaka 1760 wakati wa vita. Uliopo ni wa shaba nyeusi, umewekwa mwaka 1858, na hoja zote 95 zimeandikwa juu yake kwa Kilatini. Nikapiga picha ya baba, nikadhani kazi imekwisha.

Tukaenda kanisa la mjini, lile la minara miwili ambako Luther alikuwa akihubiri. Nilikuwa nahangaika kurudi nyuma ili minara yote iingie kwenye simu. Shemeji akazunguka upande wa nyuma. Mara nikasikia, "Shem, hebu njoo. Yule si nguruwe?"

Yuko kwenye kona ya kusini-mashariki, juu, mkono haufiki. Ni mchongo wa mawe, na ukipita haraka utaona nakshi tu, kama majani na vichwa vya wanyama ambavyo mafundi wa zamani walipenda kuvitia kwenye kuta za makanisa. Ukisimama ndipo unaona. Ni nguruwe jike, mnene. Chini ya tumbo kuna watu, wameshika chuchu wananyonya. Wana kofia zilizochongoka. Nyuma yupo mwingine, ameinua mguu wa nguruwe na mkia wake, anachungulia matakoni. Huyo amekusudiwa kuwa rabi, mwalimu wa dini wa Kiyahudi.

Zile kofia si pambo. Mwaka 1215 mtaguso wa Laterano, mkutano mkuu wa kanisa, uliagiza Wayahudi wavae tofauti na Wakristo, na kofia iliyochongoka ikawa alama yao kwenye picha. Mchongo huu ni wa takriban mwaka 1290. Wakati huo wengi hawakusoma, lakini kofia kila mtu aliisoma. Na si Wittenberg peke yake: nguruwe kama huyu yupo Regensburg, yupo Köln kwenye viti vya mbao vya wanakwaya. Fundi amekaa, amepiga msasa mbao mpaka ikalainika, halafu mtu akakaa jirani yake akaimba Zaburi. Zaburi za Wayahudi.

Juu ya nguruwe kuna maandishi ya dhahabu: *Rabini Schem HaMphoras*. Hayo yaliongezwa mwaka 1570, na ndiyo yaliyonikata miguu. Ni namna Wayahudi wanavyolitaja Jina la Mungu lisilotamkwa. Yametoka kwenye kijitabu cha mwaka 1543, ambamo mwandishi anaueleza mchongo huu huu kwa furaha na kusema rabi anaitafuta Talmud, kitabu cha mafundisho ya Wayahudi, humo mkiani. Mwandishi ni Luther. Yule yule wa "Maana yake nini?"

Nikasema, kijinga, kwamba labda watu wa zamani walikuwa wanatania tu.

"Nyinyi wala kitimoto hamwezi kuelewa," shemeji akanijibu, wala hakupandisha sauti. "Sisi na wao hapo tuko pamoja. Huyo mnyama babu yangu hakutaka hata kumtaja jina. Sasa mchonge babu, mpe anyonye, halafu muweke juu ya nyumba ya Mungu, karne na karne. Utani gani huo, shem?"

Chini, kwenye sakafu ya mawe, kuna bamba la shaba lililowekwa mwaka 1988, miaka 50 baada ya usiku ule wa Novemba 1938 masinagogi yalipochomwa Ujerumani nzima. Limetengenezwa kama vifuniko vinne ambavyo kitu kinavisukuma kutoka chini, na nyufa zake zinafanya msalaba. Linawataja Wayahudi milioni sita. Myahudi mmoja aliishitaki parokia ili mchongo ung'olewe, akashindwa ngazi zote. Juni 14, 2022 mahakama kuu ya shirikisho ya Karlsruhe ilisema unaweza kubaki, kwa sababu bamba na maelezo yake yameugeuza kuwa ukumbusho. Ninaiona hoja. Lakini nililitazama hilo bamba: liko chini unapokanyaga, na nguruwe bado yuko juu.

Jioni, kwenye treni, shemeji alilala, soksi za Luther mapajani. Nikamtumia baba picha. Ya mlango, ya minara, na moja niliyopiga kutoka mbali, ya ile kona, bila maneno yoyote. Nilikuwa bado natafuta maneno.

Akajibu kabla hatujafika Berlin. "Asante sana mwanangu. Kanisa zuri. Hapo juu kwenye kona wamechonga nini, ni kondoo na wanawe?"

Nikabonyeza kumpigia. Ikaita.