Mashine moja ya msasa iliyonitosha

Meza yangu ya kwanza iliharibiwa na mashine ya msasa wa mkanda. Ina nguvu kweli na inakula ubao haraka, lakini nilisita sekunde mbili tu mahali pamoja, ikachimba bonde ambalo sikuweza kuliondoa. Nikahamia ile ndogo ya mraba inayotetemeka. Hiyo nayo ni ya polepole mno. Nilisugua hadi mkono ukafa ganzi.

Iliyonifaa ni ya duara, yenye sahani (sehemu ya chini inayobeba msasa) ya milimita 125, inayozunguka huku ikiyumba. Mwendo wake haurudii njia ileile, kwa hiyo haiachi mistari mirefu hata ukisugua kwa kukatiza nyuzi za mbao.

Hata hivyo, vanishi ya kwanza ilifichua vijiduara vyembamba kama unywele uliojisokota. Nilidhani mashine ni mbovu. Kumbe nilikuwa naikandamiza, na vumbi limeziba msasa! Sasa naiacha ilale kwa uzito wake, naisogeza taratibu, na bomba la kunyonya vumbi limeunganishwa muda wote. Matundu ya msasa lazima yalingane na ya sahani, maana vumbi hunyonywa kupitia hapo.

Naanza na msasa namba 80, wenye punje kubwa, kisha 120, namalizia 180 ulio laini zaidi, bila kuruka. Kabla ya kubadilisha namba nafuta ubao, maana punje moja ya 80 ikibaki inarudisha mikwaruzo. Barakoa sivui. Kona za ndani duara haifiki. Hapo nafunga msasa kwenye kipande cha mbao na kumalizia kwa mkono, nikifuata nyuzi.