Tangu Lini?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tafakari niliyokuwa nimeiandaa ilihusu shukrani ya mavuno, maana mahindi yanaingia ndani na kila nyumba ina la kumtolea Bwana. Niliiacha katikati usiku wa Jumanne, saa nane na robo, mama mtoto aliponiita kwa sauti ninayoijua.

Mtoto wetu alikuwa amekakamaa. Macho yamegeuka yakabaki meupe, taya limekaza, mikono inaruka, povu linatoka, na mwili unachoma. Degedege. Ni mara ya tatu sasa, na bado hajatimiza miaka mitatu. Tulimlaza ubavu juu ya mkeka, tukamfungua sweta na mablanketi tuliyomviringishia kwa ajili ya baridi hii ya Uyole, nikaishika simu kutazama saa. Daktari alishatufundisha: msimtie kitu mdomoni, wala kijiko wala kidole, msimkandamize, hesabuni dakika. Zikipita tano, au akirudiwa kabla hajazinduka, msingoje chochote. Na hata akizinduka, mleteni apimwe tujue homa imetoka wapi.

Niliisoma Zaburi ya 121 mara mbili, haraka haraka, na dakika moja ndiyo kwanza ilikuwa imepita. Ya tatu ilipotimia mikono ikalegea, akavuta pumzi ndefu, akalala usingizi mzito. Tukambeba, jirani akawasha bajaji, tukaenda. Safari hii yalikuwa masikio. Ameshapewa dawa na anaendelea vizuri, Mungu apewe sifa.

Lakini wapendwa, niliogopa. Niliogopa kuliko mara ya kwanza. Jumapili tu nilisimama mbele yenu nikahimiza kwamba mtu wa imani hatikisiki, na Jumanne nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nikitetemeka karibu sawa na mtoto. Kwa siku tatu hizi neno ambalo halijaniacha ni la yule baba katika Marko 9.

Mnaikumbuka habari yenyewe. Yesu anashuka mlimani, anakuta umati, waandishi na wanafunzi wanajadiliana. Mtoto yupo palepale, mgonjwa, na watu wazima wanabishana. Bwana anasema, "Mleteni kwangu." Mtoto anaanguka mbele yake, anagaagaa, anatoka povu. Mimi ningetegemea Yesu amguse mara moja. Badala yake anamgeukia baba na kumwuliza swali: amepatwa na haya tangu lini? Baba anajibu, "Tangu utoto," kisha anamweleza yote, moto na maji.

Swali hilo naliogopa, na leo nataka niwaambie sababu. Sijawahi kuisema popote, hata kwenye maombi ya jumuiya.

Mara ya kwanza mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Tulikuwa tumetoka Kyela kumsalimia bibi yake kama wiki mbili hivi, na sisi watu wa huku juu kwenye baridi tunasahau kwamba kule chini ziwani mbu hawana likizo. Homa ilipanda jioni, degedege likaja saa sita usiku. Nilimtia kijiko mdomoni, nikamjeruhi ufizi. Majirani wakajaa. Mama mmoja tunayesali naye akasema kwa uchungu kabisa, "Baba, msimpeleke hospitali. Degedege halichomwi sindano. Akichomwa, hamrudi naye." Mwingine akasema ni pepo, tuombe tu. Mwingine akasema afukizwe. Tukaomba, tukabishana, mtoto akarudiwa, tukaomba tena. Tulifika hospitali kumekucha, saa kumi na mbili asubuhi.

Nesi akaniuliza, "Baba, imeanza saa ngapi?"

Nikasema, "Saa kumi."

Nilidanganya. Niliona aibu, mimi mtu wa kanisa, kusema kwamba mtoto amekakamaa tangu saa sita na mimi nipo. Nikamnyima nesi kitu alichokihitaji kuliko vyote, maana degedege la dakika chache si sawa na la kurudiarudia usiku kucha, na matibabu yake hayalingani. Mama mtoto alinitazama, akanyamaza. Damu ilipopimwa ikaonekana malaria. Wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano ya malaria, na sindano ileile tuliyoambiwa itamwua ndiyo Bwana aliyoitumia kutuachia mtoto.

Kwa hiyo nikisoma "Tangu utoto," namwonea wivu yule baba. Alisema kweli kuhusu muda. Akasema kweli pia kuhusu moyo wake: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia aende akaimarike kwanza ndipo arudi. Aliichukua sala ile jinsi ilivyo, imechanika katikati, akamponya kijana wake.

Ndugu zangu, tuache. Nasema kwa upendo, lakini nasema: tuache kuwafundisha wazazi kusema uongo. Mama akija na mtoto mgonjwa, tunamwuliza alikosa nini, nani amemwonea jicho, mbona hana imani. Atasema kweli wapi? Akisema anaogopa tunamkemea. Akisema amekwenda hospitali tunauliza kama alianza kwanza kwa Bwana. Kwani barabarani kwenda hospitali Bwana hayupo? Mimi niliomba ndani ya bajaji Jumanne kuliko nilivyowahi kuomba kanisani.

Na wale wanaosema "lakini yule wa Marko alikuwa na pepo": ni kweli, Maandiko yamesema hivyo. Someni pia Mathayo 4:24. Pale wenye pepo wametajwa peke yao na wenye kifafa peke yao, na Bwana aliwaponya wote. Biblia haikuvichanganya, tusivichanganye sisi. Daktari ametueleza kwamba degedege la homa huwapata watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, kwamba karibu mmoja kati ya watatu hurudiwa, na kwamba wengi sana hukua wakaliacha bila kudhurika. Lakini mzazi hawezi kujua kwa macho kama ni homa tu, au malaria, au uti wa mgongo. Ndiyo maana anapimwa.

Kuhusu yule mama wa sindano. Nilimkasirikia mwaka mzima. Baadaye alinieleza, na ameniruhusu niwaambie, kwamba yeye mwenyewe alimzika mtoto. Walihangaika naye nyumbani siku mbili, walipofika hospitali akachomwa sindano, akafariki dakika chache baadaye. Kijiji kizima kikasema sindano imemwua. Siku mbili zile hakuna aliyezitaja. Alikuwa ananizuia nisizike kama alivyozika yeye. Tulilia wote wawili.

Jumanne nesi aliponiuliza, nilimjibu: saa nane na robo, dakika tatu, mwili mzima, hajarudiwa, tuliondoka palepale. Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini nilisema yote.

Usiku ndio mgumu. Tunapokezana na mama yake kuweka mkono kifuani kwa mtoto tusikie kama anapumua. Juzi saa tisa aliniambia, "Baba, lala, zamu yangu." Nikamwambia siwezi. Akanisomea ule mstari wa nne wa Zaburi ya 121, kwamba hatasinzia wala hatalala usingizi yeye aliye mlinzi wa Israeli, akaninyang'anya simu. Nililala hadi jua linatoka nyuma ya milima. Nilipoamka, mtoto alikuwa amekaa juu ya tumbo langu anadai kiazi.

Jumuiya ijayo ni nyumbani kwetu. Bibi yake atakuwa amepanda kutoka Kyela, na yule mama nimemwomba ndiye atuongoze katika sala. Mwenye mtoto mgonjwa aje naye, na mwenye hofu aje nayo jinsi ilivyo.