Neno lililonipita Le Bourget

Mjomba wangu wa Msimbati, kule Mtwara, ana tabia ya kubipu. Hata akiwa na salio atabipu tu, kwa sababu kwake yeye mpwa kumpigia mjomba ni adabu, lakini mjomba kumpigia mpwa ni dunia kwenda kinyumenyume. Jioni ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 2015, alinibipu mara tatu. Nilikuwa nimekaa katika ukumbi wa skrini kule Le Bourget, kaskazini mwa Paris, nikisubiri nchi 195 zipitishe mkataba wa tabianchi.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, mwaka wa pili. Utafiti wangu ulihusu siasa za kimataifa za nishati: nani anaandika kanuni, nani anatia saini, nani anabakiwa na moshi. Sentensi hiyo niliiandika kwenye maombi ya ufadhili na nilijiona bingwa. Beji yangu ilikuwa ya njano, ya waangalizi. Wajumbe wa nchi walivaa za waridi, na vyumba walivyoingia wao sisi hatukuingia. Mtafiti wa beji ya njano kazi yake ni kukaa koridoni karibu na kahawa na kusoma nyuso: huyu katoka amekunja uso, yule anacheka peke yake, basi ndani kuna jambo. Wiki mbili nilisoma nyuso. Usiku zilitoka rasimu zilizojaa mabano, kila neno lenye ugomvi limefungiwa ndani ya bano lake kama mbuzi wa mnadani, nasi tunahesabu wangapi wamebaki zizini.

Jumamosi mchana rasimu ya mwisho ikatoka bila bano hata moja. Nilichukua nakala ya karatasi na kwenda moja kwa moja Ibara ya 4, aya ya 4. Pale palisema nchi zilizoendelea "shall" ziendelee kuongoza kwa kujiwekea malengo ya kupunguza hewa chafu katika uchumi wao wote. Kwa nchi zinazoendelea, kama yetu, neno lilikuwa "should", yaani inafaa tu, si lazima. Nikapiga mstari chini ya "shall" mara mbili mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Kwa lugha ya sheria ya Kiswahili hiyo ni "-ta-". Katiba yetu haisemi inafaa kuwe na Rais, inasema "Kutakuwa na Rais". Matajiri wamefungwa na "-ta-", nikasema moyoni, na mimi nina makala.

Makala nilikuwa nimeshamwahidi mhariri mmoja wa Dar es Salaam kwa ajili ya gazeti la Jumatatu.

Kikao kilitakiwa kuanza saa kumi na moja na nusu jioni. Hakikuanza. Saa kumi na mbili ikapita, na kwenye skrini tunaona watu wamesimama vikundi vikundi, vichwa vimekaribiana, karatasi mkononi. Jirani yangu alisema ni kawaida, wakubwa wanapenda kupigwa picha. Simu ikatetemeka mfukoni: mjomba. Nikaiacha. Ikatetemeka tena. Kwetu pwani ya kusini mjomba si ndugu wa kupuuzwa. Alipobipu mara ya tatu saa moja ilikuwa imeshafika na skrini bado haina jipya, nikatoka nje na kadi yangu ya kupigia simu Afrika, niliyoinunua kwenye duka la jirani na Gare du Nord. Baridi ilikuwa inauma masikio.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Uko hukohuko kwenye huo mkutano?"

"Niko hapa hapa."

"Sasa hebu nieleze. Taarifa ya habari ya saa mbili wanasema wakubwa wanakubaliana gesi ipunguzwe. Gesi ipi? Bomba wamejenga mpaka Dar, watu wamepigwa mabomu ya machozi hapa, leo wanataka ipunguzwe?"

Nilicheka, na nilikosea kucheka. Mwaka 2012 na 2013, watu wa Mtwara waliposema gesi haitoki kwao kwenda Dar, mjomba alikuwa miongoni mwao, na bomba lilizinduliwa mwaka huohuo wa 2015. Kisima cha Mnazi Bay kiko upande wake wa ghuba. Kiligunduliwa mwaka 1982, na tangu wakati huo kila serikali imemwambia asubiri. Kwa hiyo nikamweleza taratibu kwamba hii ni gesijoto, yaani hewa ya ukaa na wenzake, moshi unaotokana na kuchoma makaa ya mawe na mafuta. Si gesi yetu.

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia redio na mtu akipunguza sauti.

"Na hii yetu wakiichoma kwenye mitambo ya umeme pale Kinyerezi, haitoi hiyo hewa?"

"Inatoa mjomba. Ila ni pungufu kuliko makaa."

"Basi ni ileile. Hiyo karatasi yenu inasemaje juu yake?"

Swali hilo, miaka miwili, hakuna profesa aliyeniuliza waziwazi namna ile. Mkataba una ibara 29, na hakuna hata moja inayotaja makaa ya mawe, mafuta wala gesi asilia. Unataja moshi, hautaji moto. Nikaanza kumweleza kwa nini nchi zenye visima na migodi hazitaki neno hilo liandikwe, nikanogewa, nikatembea huku na huko kati ya kumbi mbili kama ninahutubia, na mjomba anaitikia "enhe, enhe", mpaka sauti ya mwanamke ikatuambia kwa Kifaransa kwamba kadi imekwisha.

Niliporudi watu walikuwa wamesimama wanapiga makofi. Laurent Fabius, rais wa mkutano, ameshagonga kinyundo chake kidogo cha kijani. Saa moja na dakika ishirini na sita usiku. Wengine wanalia. Mzee mmoja mwenye beji kama yangu alinikumbatia bila kunijua. Nami nikapiga makofi, kwa nini nisipige?

Usiku ule, chumbani, niliandika makala kwa pumzi moja. Aya ya kwanza kabisa: "Kwa mujibu wa Ibara ya 4, nchi tajiri zitaendelea kuongoza katika kupunguza hewa chafu. Si ombi, ni sheria." Nikaituma saa saba usiku na kulala usingizi wa mtu mwenye haki.

Asubuhi, kwenye chai, dada mmoja Mkenya, mtafiti mwenzangu, akanisikiliza nikiringa na ile "-ta-" yangu. Akaweka kikombe chini.

"Wewe, wakisoma yale masahihisho jana ulikuwa wapi?"

Masahihisho gani? Yale yaliyosomwa kabla tu ya kinyundo, akasema. Ofisa wa sekretarieti alisoma orodha ya makosa madogo ya uchapaji, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni, na katikati ya hayo madogo "shall" ya aya ya 4 ikageuka "should". Hakuna aliyepinga. Ndilo lililokuwa likitafutwa kwenye vile vikundi vya vichwa. Kama lengo la kupunguza hewa chafu lingekuwa la lazima kisheria, Barack Obama wa Marekani angelazimika kuupeleka mkataba Seneti, baraza la juu la bunge la nchi yake, na kutafuta theluthi mbili ya kura. Seneti hiyohiyo, Julai 1997, ilipiga kura 95 kwa sifuri kuonya dhidi ya mkataba wa aina ya Kyoto, ule wa tabianchi uliotangulia huu, kabla hata Kyoto yenyewe haijafika. "Should" ilimwezesha kuukubali kwa kalamu yake mwenyewe. Nchi nyingine zilijua hivyo, zikatazama pembeni.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Seneti ilikuwa na sura nzima kwenye pendekezo langu la utafiti. Siku yenyewe ilipokuja nilikuwa nje, namfundisha mjomba.

Nikampigia mhariri. Mungu amjalie, hakunifokea. "Ndugu yangu, ukurasa umeshaondoka," akasema, na nikasikia kiti chake kikilia. Jumatano walichapa sahihisho la mistari minne chini ya ukurasa, kati ya tangazo la aliyepotelewa na hati ya kiwanja na la mnada wa magari: palipochapwa "zitaendelea kuongoza", pasomeke "zinapaswa kuendelea kuongoza". Msimamizi wangu hasomi Kiswahili, alhamdulillahi. Nilimweleza mwenyewe miezi kadhaa baadaye, nilipokuwa tayari nimeshaifanya aya ile kuwa kiini cha tasnifu, na akaniambia ningemweleza mapema tungeokoa muda.

Nilikwenda Msimbati mwaka uliofuata. Dukani kwa mjomba, juu ya mizani, kati ya kalenda na picha ya Yanga, kuna gazeti lililokatwa vizuri na kupigwa plastiki. Jina langu limepigiwa mstari. Na ile "zitaendelea" nayo.

"Mjomba, hii walisharekebisha. Ina makosa."

"Makosa gani?"

Nikamweleza. Watafanya, wanapaswa kufanya, tofauti yake. Alinisikiliza huku akimpimia mtoto sukari ya robo.

"Mwanzo iliandikwa hivi, sivyo?"

"Ndivyo."

"Nani akataka ibadilishwe?"

"Marekani."

Akafunga kile kikaratasi cha sukari, akampa mtoto na chenji yake.

"Basi iache hapohapo."