Havionekani, lakini vipo

Kengele ya simu yangu hulia saa tatu kamili usiku, na kwenye kioo yanatokea maneno "Mwagilia maua". Sina maua. Niliandika hivyo mwaka wa kwanza, nilipokuwa naogopa mtu asije akaiona simu yangu akajua nameza nini. Uoga umeisha, maneno nimeyaacha.

Ninachomeza ni tenofoviri, kidonge kimoja cha miligramu 300. Nina homa ya ini B, ile sugu. Iligundulika nilipokwenda kuchangia damu nikiwa na miaka 31. Nikaitwa pembeni, nikaambiwa damu yangu haitatumika. Miezi sita ilipopita nikapimwa tena HBsAg, yaani protini ya ganda la virusi inayoonekana kwenye damu, ikatoka chanya vilevile, ndipo neno "sugu" likaingia kwenye faili langu. Nilikuwa sijawahi kupata manjano wala kulazwa.

Miaka miwili ya mwanzo sikupewa dawa yoyote, na hilo lilinikera kuliko ugonjwa wenyewe. Unaambiwa una virusi kwenye ini, halafu unaambiwa nenda, rudi baada ya miezi sita. Kumbe si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa palepale. Wanaangalia wingi wa virusi, wanaangalia ALT, yaani kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia, na wanaangalia ini lina makovu kiasi gani. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lililegeza masharti: wingi wa virusi ukizidi 2,000 kwa mililita na ALT ikiwa juu ya kawaida, mtu anaweza kuanza. Mimi nilianza ALT ilipofika 118 na mashine ya kupima ugumu wa ini iliposoma kilopaskali 9.8. Makovu yalikuwepo, sirosisi, yaani ini kujaa makovu na kukakamaa, bado.

Kabla ya kidonge cha kwanza nikapimwa VVU. Nilishangaa, nikaelezwa kwamba tenofoviri hutumika pia kutibu VVU, ila huko haitolewi peke yake; mwenye VVU akiimeza yenyewe tu, virusi vyake hujifunza kuishinda. Sababu hiyohiyo ndiyo iliyofanya mwenzangu mmoja kazini, alipokiona kichupa kwenye mkoba wangu, aanze kunionea huruma ya ugonjwa nisio nao. Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi?

Baada ya mwaka mmoja majibu ya wingi wa virusi yakaja yameandikwa "havionekani". Nikalisoma neno hilo kama "umepona", na mwaka wa tatu nikaacha dawa. Sikumuuliza mtu. Nilijiona mjanja hata, kichupa cha mwisho nikakisukumia nyuma ya kabati.

Wiki ya tisa mkojo ukawa na rangi ya kutu. Nikadhani sinywi maji ya kutosha. Siku nne baadaye, nikipiga mswaki, nikaona weupe wa macho yangu si mweupe tena. ALT ilisoma 1,140. Daktari hakufoka. Aliweka kidole juu ya namba ile, akakiacha pale, akasema, "Nani alikuruhusu?" Halafu akaniambia ningekuwa na sirosisi, huenda tusingekuwa tunazungumza.

Siku hiyo ndipo alipochukua kalamu akanichorea seli. Virusi vikishaingia, huacha ndani ya kiini cha seli nakala ya vinasaba vyao iliyojifunga duara, na hiyo hukaa humo miaka na miaka. Tenofoviri huzuia kile kimeng'enya ambacho virusi hutumia kujinakili. Ile nakala ya duara haiigusi. Mfereji umezibwa, chemchemi ipo palepale; ukizibua, maji yanarudi, na kinga ya mwili ikistuka kuyaona hulishambulia ini lenyewe. Wapo wanaoachishwa dawa kwa mpango, wakipimwa mara kwa mara. Mimi sikuwa na mpango, nilikuwa na kabati.

Leo nina miaka 43. Ugumu wa ini umeshuka hadi kilopaskali 5.6. Zamani iliaminika kovu la ini halirudi nyuma, lakini utafiti uliotoka 2013 ulifuatilia watu 348 waliokuwa wakitumia tenofoviri, wakachukuliwa vinyama vya ini kabla ya dawa na baada ya miaka 5. Kati ya 96 waliokuwa na sirosisi mwanzoni, 71 hawakuwa nayo tena. Karatasi ya namba hizo niliibandika ndani ya mlango wa kabati lilelile.

Figo napimwa, maana dawa hii huweza kuzichosha na kupunguza uimara wa mifupa. Kupotelewa kabisa na HBsAg, jambo ambalo madaktari huliita kupona, hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 100 kila mwaka. Sijihesabu humo. Kinachoninyima usingizi ni saratani. Dawa inaipunguza hatari, haiifuti, hata kwa asiye na sirosisi. Kwa hiyo kila baada ya miezi sita nalala chali, napakwa ile jeli ya baridi, naambiwa vuta pumzi, ibane. Safari iliyopita mpimaji alirudia sehemu moja chini ya mbavu mara tatu, akasogeza kiti, akabonyeza, akapima kwa vialama viwili vidogo. Nilisahau kupumua. "Ni kimshipa tu," akasema, akanipa karatasi ya kujifutia.

Mume wangu alipimwa, hana, akachanjwa sindano zote tatu. Kwa mama ilikuwa kazi nyingine. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, mara 9 kati ya 10 ugonjwa huwa sugu. Mtu mzima ni chini ya 5 kati ya 100. Mama alisikiliza hesabu hiyo huku akikunja nguo, akaja akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Nikamwambia, "Na wewe, mama, alikupa nani?"

Alikunja shati moja mara mbili. Wiki iliyofuata akakubali kupimwa, na akakutwa nayo, na ini lenye makovu kuliko langu. Yeye amepewa dawa nyingine, entekaviri, kwa sababu ya figo zake, na humezwa tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya kula, jambo analolilalamikia kila siku kana kwamba nimelitunga mimi. Tumepatana naye saa tatu hiyohiyo. Simu yangu ikimaliza kulia, dakika tano baadaye inaita.

"Umemwagilia?"

"Nimemwagilia. Na wewe?"

"Mimi nilishamaliza zamani."

Hasemi kweli. Nasikia kichupa bado kinafunguliwa.