Nilivyoielewa njia ya kifo cha seli za neva: nilianzia mwisho

Mchoro wa njia hii ulinisumbua sana, mishale kila upande na majina yanayofanana. Uliponikaa kichwani ni pale nilipoanza kuusoma kinyumenyume, kuanzia kwenye maiti ya seli, huku nikiuliza kila protini: wewe kakuamsha nani?

Kaspasi-3, kimeng'enya, ndiyo inayokatakata protini za seli. Kaiamsha nani? Kaspasi-9, ndugu yake. Nayo? Protini ya Apaf-1, ambayo haiamki mpaka protini nyingine, saitokromu c, ivuje kutoka kwenye mitokondria, vile viungo vya seli vinavyotoa nishati. Anayetoboa mitokondria ni protini ya Bax. Hapo nilitua kidogo, maana panya wasio na jeni ya Bax, nyuroni (seli za neva) zao za simpathetiki, zinazoongoza kazi za mwili zisizo za hiari, huendelea kuishi hata zikinyimwa NGF, ile protini ya kukuza neva iliyowapatia Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Kumbe NGF kazi yake ni kuzuia kifo. Kiinitete huzalisha nyuroni kupita mahitaji, na sehemu nyingi karibu nusu yake hufa. Tishu zinazofikiwa na nyuroni hizo hutoa NGF kwa uchache, basi nyuroni huigombania. Nyuroni iliyopata, NGF hushika kipokezi chake cha TrkA, protini ya Akt inayolinda uhai wa seli ikawaka, kifo kikawekwa kando. Iliyokosa, protini ya ishara JNK huamka na kuiamsha c-Jun, c-Jun huwasha jeni, protini ya Bim hutengenezwa, nayo humpa Bax njia.

Neno "hutengenezwa" nililiamini nilipoona kwa hadubini. Ukiondoa NGF kwenye sahani ya kukuzia nyuroni maabara, nyuzi za nyuroni huota vinundu kama shanga, kisha mwili wa seli hunywea. Lakini ukitia sikloheksimidi, inayozuia seli kuunda protini mpya, nyingi hazifi! Yaani ili ife, seli lazima kwanza ifanye kazi.

Kujipima, nilimgeukia mnyoo C. elegans: jike-dume huunda seli 1,090 za mwili, na 131 hufa, nyingi zikiwa za neva. Protini zake ni nne: EGL-1 (kama Bim) humzuia CED-9, mlinzi wa seli, CED-4 (kama Apaf-1) anaachiwa, CED-3 (kaspasi) anakata. Mpangilio ni uleule, ila kwake saitokromu c haihitajiki.

Kipokezi kingine cha NGF, p75, nilikiweka kiporo makusudi, kwa sababu kinavuruga hesabu. ProNGF, yaani NGF ambayo haijakatwa ikakomaa, ikikishika pamoja na protini ya sortilini, huiua seli badala ya kuilea. Hicho nina mchoro wake peke yake.