Nyanya kuoza kitako: kilichonisaidia

Mnaolima kwenye ndoo nyuma ya nyumba, hii huenda ikawaokolea msimu. Nyanya zangu hapa Dar zilikuwa zinazaa vizuri tu, lakini tunda likikaribia kuiva linatoka baka jeusi kitakoni, kavu kama ngozi ya kiatu. Ilikuwa Januari, jua linachoma hasa.

Nikapulizia dawa ya wadudu, wapi! Nikaongeza mbolea ya urea: majani yakanawiri, matunda yakazidi kuoza. Maganda ya mayai nayo nikasaga nikaweka, hayakubadili kitu.

Siku moja nikachomeka kidole kwenye ndoo niliyotoka kuimwagilia. Juu tope, kufika kiungo cha pili, vumbi tupu. Udongo ulikuwa umesinyaa ukaachana na plastiki, na maji yote yalikuwa yanateremka kwenye ule ufa wa pembeni hadi matunduni. Kumbe mmea una kiu, na kalisiamu (madini ambayo tunda likiyakosa huoza kitako) hufika kwenye tunda kwa kubebwa na maji.

Nikatibua udongo wa juu taratibu nikaziba ufa. Nikamwagilia kidogo, nikasubiri dakika 10, nikarudia. Kisha nikatandaza nyasi kavu, unene wa vidole vinne. Tangu hapo ni maji kila asubuhi bila kuruka (zamani nilikuwa nafurikisha mara moja kwa siku tatu, nikijiona hodari). Yaliyooza niliyachuma, hayaponi yale. Yaliyotunga baadaye yametoka safi. Jana tumekatia kachumbari.