Vumbi la Magharibi

Binti yangu alitaka kutundika kalenda aliyopewa chuoni. Akachukua nyundo na msumari, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba cha kati, nami nikapiga ukelele uliomfanya aangushe vyote viwili.

"Mama, ukuta mnene hivi unaogopa msumari?"

Nikamwambia akaitundike jikoni. Jibu lenyewe ni refu, na Bibi yumo ndani yake.

Ilikuwa masika ya 2021. Miezi michache nyuma, tarehe 25 Disemba, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la hapa kwetu Mji Mkongwe, Zanzibar, ilikuwa imeporomoka ikiwa kwenye matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Jengo la Sultani Sayyid Barghash, lililosimama tangu 1883! Baada ya hapo kila aliyekuwa na nyumba ya zamani Mji Mkongwe alianza kuinua macho kutazama boriti zake kabla ya kulala. Sisi wa mtaa wa Kiponda tukakaa kikao cha ukoo, tukachanga, tukamwita fundi.

Fundi wetu ni mzee wa Makunduchi, mtu wa maneno machache. Alizunguka nyumba nzima akiigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alipofika chumba cha kati akasimama. "Nani kakupigieni lipu ya saruji hapa?" Hakuna aliyekumbuka. Ilipigwa zamani, ukuta ulipoanza kumomonyoka, na wakati ule karibu mtaa mzima ulikuwa ukifanya hivyo. Saruji ilikuwa ngumu na safi, na chokaa ilionekana mambo ya kizamani.

Yule mzee akanieleza kitu ambacho ningetamani kila mwenye nyumba ya mawe akijue. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na siku zote zina unyevu: mwingine unapanda kutoka chini, mwingine unaletwa na mvua. Lipu ya chokaa inauacha unyevu utoke, ukuta unapumua. Ukiufunika kwa saruji, maji yanakosa njia. Yanazunguka humo ndani na chumvi yake mpaka yakute mahali laini, na mahali laini kuliko pote ni kichwa cha boriti kilichozikwa ukutani. Boriti ni mkoko, mti uliozaliwa kwenye maji ya bahari. Wa kunyooka na kubeba sakafu huupati mrefu sana, ni mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu vyote ni vyembamba. Ukiwekwa pakavu unaishi kuliko sisi. Ukifungiwa kwenye unyevu usiotoka, unaoza.

Lipu ilianza kubanduliwa alasiri. Tindo ikaingia, na bamba zima la saruji, refu kuliko mimi, likajitenga na ukuta likaanguka kwa mpigo mmoja. Nyuma yake mawe yalikuwa yameloa, yanatoa harufu ya kisima. Fundi akapanda ngazi, akachukua bisibisi, akaichomeka kwenye kichwa cha boriti ya kwanza. Ikazama hadi kwenye mpini. Akaitoa. Ncha yake ilikuwa na unga wa kahawia, akausugua kati ya vidole viwili na ukapeperuka. Akachomeka ya pili. Ya tatu. Hakusema kitu, akanitazama tu, kisha akatazama juu.

Juu palikuwa chumba cha Bibi, na adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha.

Tulimsikia akitandika msala. Halafu kimya, amefunga swala. Nikataka kumwita, fundi akanishika mkono. "Muache amalize, mwanangu. Akishtuka akasimama kwa ghafla, mbaya zaidi." Akamwashiria kijana wake, wakavuta mlunda mmoja, nguzo ndefu ya mti, uliokuwa mlangoni, wakausimamisha chini ya boriti ya katikati, wakaukumbatia wote wawili kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuupigia kabari.

Bibi akaenda sijda. Boriti ikalia, sauti ndogo, na mstari wa vumbi ukateremka kutoka darini ukapita kwenye mwanga wa taa. Akakaa. Akasujudu tena, vumbi likateremka tena. Nilikuwa nimesimama pale nikifuata swala ya bibi yangu kwa macho, rakaa kwa rakaa, kwa kile kilichokuwa kikianguka. Katika rakaa ya tatu kijiwe kikamgonga kijana begani, hakutikisika, alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mlunda na midomo yake inacheza. Nilijua alikuwa anasoma. Mimi sikuweza kukumbuka hata aya moja.

Bibi alipotoa salamu, fundi akasema, "Nenda wewe, ndiye mwepesi. Pita upande wa mlango, usikanyage dirishani."

Nikampata amekaa na tasbihi. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, tushuke. Boriti zimeoza."

"Za dirishani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Najua. Zilianza kulia mwaka aliokufa babu yako."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaendelea kuhesabu tasbihi mpaka akaimaliza duru, kisha akanijibu bila hasira yoyote: "Ningesema mngenihamisha."

Akasimama mwenyewe. Akataka msala wake ukunjwe vizuri. Tukapita tumeambaa na ukuta, mkono wake begani mwangu, tukashuka ngazi moja baada ya nyingine, na alipofika chini akawapa salamu mafundi waliokuwa bado wamekumbatia mlunda, akawauliza kama wamekula.

Yaliyofuata yalikuwa mengi na mazito: ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, boriti zilizokuja zikiwa mbichi, chokaa iliyohitaji kulala shimoni muda mrefu kabla ya kutumika, mvua iliyoingia tulipofungua juu, fedha zilizokwisha katikati ya kazi. Sakafu ikatolewa yote, na mawe ya ukuta ule yakashindiliwa upya moja moja. Fundi akaniusia usipigwe kitu kwa miaka, chokaa ikamae pole pole.

Bibi alikuwa amehamia kwa shangazi yangu Mwanakwerekwe, nyumba nzuri ya matofali, chumba chenye feni. Kila nilipokwenda aliniuliza habari ya boriti: zimefika, zimekauka, zimepandishwa? Akafariki huko kabla ya mvua za vuli, chumba chake kikiwa bado uwazi kutoka chini hadi kwenye mabati.

Ami yangu anasema tulimwokoa, kwamba masika yale isingepita wiki bila sakafu ile kushuka naye. Shangazi anasema mtu mzima wa umri ule ukimtoa nyumbani kwake ndiyo umemtoa. Nimewasikiliza wote wawili kwa miaka, na kusema kweli kuna siku namkubali huyu na kuna siku namkubali yule. Ninachokijua ni kwamba aliishi juu ya boriti zile akizisikia, kila swala, na alichagua.

Ukuta wa uani bado una lipu ya saruji. Ami anataka tuuache kwanza, shangazi anataka ubanduliwe mwaka huu huu. Fundi nimeshampigia simu, atakuja kuutazama masika yakiisha.